Mlinzi wa Mkuyu wa Mwisho

Katika bonde lile ulibaki mkuyu mmoja tu, na wanyama wakampa Ngiri, mkali kuliko wote, kazi ya kuulinda. Hakuruhusu hata tunda lililoanguka liguswe. Siku moja akamkamata Hondohondo na tunda mdomoni.

"Mwizi wewe! Mengine umeyaficha wapi?"

"Sifichi, mzee. Nakula, nashiba, najisaidia ng'ambo ya mto."

"Nipeleke nikaone!"

Huko ng'ambo, penye kinyesi cha ndege, Ngiri alikuta miche ya mkuyu imesimama, mingi. Akageuka kuutazama mti wake. Chini yake matunda yalikuwa yameoza, na hakuna mche hata mmoja.

Ngiri akapiga magoti, akanusa jani changa.

"Haya, mwizi," akasema, "kesho uje mapema. Na nduguzo uwaite."