Zamu ya Dume

Katika ghorofa lao, zamu za kulea zilipangwa na ndege wawili aina ya kozi waliotaga dirishani. Jike akiatamia mayai, mama anabaki ndani na mtoto. Dume akishika zamu, mlango unamfungukia baba wenyewe, na mama anatoka. Mwanamume aliyelalamika kuchoka aliambiwa amwangalie ndege mwenzake.

Leo dume hakurudi. Zamzam alimbembeleza mwanawe mwenye homa, macho dirishani, huku mumewe Shomari amekwama koridoni tangu asubuhi.

"Mama Nasra, huyo mwenzangu kapotelea wapi?" Shomari aliuliza nyuma ya mlango. "Au kapata nyumba ndogo mnara wa pili?"

"Wewe tania tu. Mtoto anawaka moto, na mimi siwezi kutoka naye wala wewe kuingia."

Alasiri dume akatua. Zamzam alishusha pumzi, kisha akaibana. Huyu alikuwa mnene, mgeni kabisa. Jike akamtazama kidogo, akainuka, akamwachia mayai.

"Zamzam," Shomari aliita, sauti haina utani tena. "Kuna jamaa katoka kwenye lifti na begi la nguo. Anasema nimpishe."

Kitasa kilichomgomea Shomari kutwa nzima kikafunguka.