Si Mkono wa Mama

Shangazi alinisimulia haya mwaka sabini na nane, tukipepeta mchele Ubaruku.

Kijana mmoja, Tusajigwe, alitolewa Mbeya akiumwa kichwa, akapelekwa hospitali ya mbali. Daktari akamwambia mshipa umevimba kama puto, ndani kabisa ya ubongo.

"Tukiuacha utapasuka. Tukiugusa, huenda ukapasuka."

"Sasa nikimbilie wapi, daktari?"

Kwanza anyolewe. Mama yake akampokea nesi wembe. Tusajigwe akamkamata mkono.

"Si wewe, mama. Kwetu ndugu hunyoana msibani tu. Aninyoe mgeni."

Nesi akanyoa. Mama akacheka huku analia: "Kumbe kichwa cha baba yako hiki!"

Mlangoni pa upasuaji mama akazuiwa. Ndani, dawa ya usingizi ikiwa puani, Tusajigwe akakumbuka hakumuaga. Akataka kuinuka, usingizi ukamwahi.