Kofia ya Mzee Mbaka

Kila kura iliposomwa, mkono wa mzee Mbaka uliingia mfukoni. Mara mfuko wa kulia wa koti, mara wa kushoto. Ulitoka ukiwa umefumbwa, ukashuka chini ya meza ndogo ya darasa la pili, ukarudi mtupu.

Nelius aliuona. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, yeye ajenti wa Ruguru, mzee ajenti wa Mutugi. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa wadi, huku chini karibu na Kiritiri, na asubuhi Ruguru alikuwa amemshika mkono akamwambia, "Kituo hicho kikienda, tumeenda. Macho yasitoke kwa meza."

Nelius alikuwa na digrii kutoka Embu. Mzee Mbaka alikuwa na mbuzi, na koti lake lilisema hivyo.

Kabla ya kura kufunguliwa mzee alikuwa amemgeukia. "Mwari, binti yangu, wako ni yule wa alama ya kengele?"

"Jina limeandikwa hapo, mzee."

"Mimi na majina hatujuani. Wangu ni wa jiko. Sasa najua na wako." Akacheka, meno yake matatu yote nje.

Nelius hakucheka. Miezi miwili alikuwa akijiuliza ni watu wa aina gani wanaweza kumpigia Mutugi kura. Basi jibu lilikuwa hili hapa, limevua kofia na kuificha magotini.

"Ruguru!" Beth, msimamizi wa kituo, aliinua karatasi juu wote waione. Mkono ukaingia kushoto.

"Mutugi!" Mkono ukaingia kulia.

Ni dawa? Ni ishara kwa karani anayepanga kura? Midomo ya mzee ilikuwa ikienda polepole kama ya mtu anayeomba. Nelius alitoa simu, akaandikia kikundi cha vijana wa Ruguru: *Wametuletea mzee wa mbuzi. Kuna kitu anafanya chini ya meza.* Majibu yakaja mbio, vicheko vitupu. Mmoja akauliza kama mbuzi nao wamepiga kura. Nelius akaandika tena. Akapiga picha ya lile koti. Akaandika tena.

"Ruguru! Ruguru! Mutugi! Ruguru!"

Alipoinua kichwa, karani alikuwa akifunga kura ishirini kwa mpira na kuweka kifurushi cha tatu upande wa Mutugi.

Jua lilikuwa bado halijazama Beth alipomaliza na kusimama na fomu.

"Ruguru, themanini na mbili. Mutugi, mia moja na nne."

Nelius alishusha simu. Angemwambia Ruguru nini?

"Mzee, wako ameshinda," Beth akasema, akimsogezea kibweta cha wino wa zambarau. "Weka kidole hapa tufunge kazi."

Mzee Mbaka alirudisha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Siweki."

"Kwa nini?"

"Siweki tu. Kwanza mfungue hivyo vifurushi."

Nelius akaruka juu, kile kiti kidogo kikaanguka. "Mnaona? Ameshinda na anaogopa kuweka alama! Tangu tuanze kuhesabu, mkono mfukoni, mkono mfukoni! Mzee, lete hiyo kofia!"

Askari aliyekuwa mlangoni akaingia. Mzee alimtazama Nelius bila hasira. Halafu akainama, akaiinua kofia kwa mikono miwili kama bakuli la uji, akaimimina mezani.

Zilikuwa ndengu. Ndengu na kunde, zimechanganyika, moja ikakimbia hadi ukingoni na Nelius akaidaka bila kufikiri.

"Chambueni," mzee akasema.

Wakachambua, Beth na Nelius, vichwa vimekaribiana. Ndengu zikatoka themanini na nne. Kunde zikatoka mia moja na mbili.

Beth akasogeza mbegu kando. Alivuta vifurushi vya Mutugi, akatoa mipira mmoja mmoja. Cha kwanza, jiko. Cha pili, jiko. Cha tatu akakifungua, akakipindua tena toka mwanzo. Kengele. Kengele. Kengele, hadi ishirini.

Karani alifunika uso kwa mikono. Beth akachukua fomu nyingine, safi.

Nelius bado alikuwa ameshika ile mbegu moja. Simu yake ililia kwa kicheko kingine, akaizima.

"Mzee," akasema. "Za kwako si ni ndengu?"

"Eeh, ndengu." Mzee Mbaka alibonyeza kidole kwenye wino. "Hizo kunde ni zako, mwari. Niliona umeshikika na simu, nikakuhesabia."