Tafsiri ya Mate

Mate yalikuwa yamekwisha kukauka, lakini Bwana Mkubwa wa boma la serikali aliendelea kulisugua shavu lake kwa leso. Mbele ya meza yake alisimama mama Soila kati ya askari wawili, mikono imefungwa kamba.

"Mkalimani," alisema Bwana Mkubwa kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "mwulize kwa nini amenitemea. Jibu likiwa baya, atavaa mnyororo shingoni miezi sita."

Mkalimani alikuwa Gidion, mwalimu wa darasa la misheni. Alikuwa pia mtoto wa Soila, na sasa mtoto wake pekee. Siku tisa zilizopita kaka yake, Sakaya, aliangukiwa na gogo akafa kwenye kazi ya lazima ya daraja, kule Usa River. Gidion ndiye aliyeamriwa kumtafsiria mama yake habari ile, neno kwa neno. Tangu siku hiyo hakulia. Alikula, alifundisha, alilala. Asubuhi hii mama aliitwa bomani kupokea blanketi la marehemu. Alilipokea, akalikunja vizuri, kisha akamtemea Bwana Mkubwa usoni.

"Yeyo," Gidion alimwambia kwa Kimaasai, lugha ya kwao Waarusha, kama mtoto anavyomwita mama yake, "nitasema umembariki. Wewe nyamaza tu."

Mama alimtazama usoni. "Umekonda, Loishiye," alisema. Jina la ubatizo, Gidion, hakuwahi kulitamka hata siku moja.

"Anasema nini?"

"Anasema amekubariki, Bwana."

Karani wa boma, mtu wa Tanga, alicheka puani. "Baraka ya mate! Bwana, watu hawa wakikupenda zaidi, si watakuogesha?"

Askari nao wakacheka. Gidion aliwangoja wamalize.

"Kwetu mtoto akizaliwa, bibi yake humtemea mate," alisema. "Mzee akikuaga, hutema kiganjani kwanza ndipo akupe mkono. Usiyemtakia heri humpi mate yako."

"Uongo. Mate ni tusi dunia nzima."

"Si dunia nzima, Bwana. Mchungaji ni shahidi."

Mchungaji, Mjerumani mzee aliyekuwa ameketi karibu na dirisha, alikohoa. "Mweleze yaliyotokea darasani," alisema.

"Tulikuwa tunasoma habari za kuteswa kwa Yesu," alisema Gidion. "Tunasoma kwa Kiswahili, maana kitabu chenyewe bado hakijaandikwa kwa Kimaasai. Tukafika mahali askari walipomtemea mate. Mzee Kisioki akaruka juu. 'Kumbe askari wale walikuwa na adabu!' alisema. 'Wamembariki kabla hajafa. Hawa wa boma wangejifunza kwao!' Darasa zima likamwitikia."

Askari hawakucheka tena. Karani ndiye aliyeinamia meza, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ikanibidi niwaeleze asubuhi nzima kwamba kitabu hiki hakikuandikwa Meru," aliendelea Gidion. "Kiliandikwa na watu wengine, wenye mila zao, zamani sana. Kwao baba akimtemea binti yake usoni, binti alikaa na aibu siku saba. Na hata kwao si kila mate ni tusi, maana Yesu mwenyewe alimponya kipofu kwa mate. Niliwaambia, msiyapime maneno haya kwa mila yenu. Ulizeni kwanza, anayetema ni mtu wa wapi?"

Aliisikia sauti yake ikitoka vizuri, bila kukwama, kama sauti ya mtu mwingine aliyeketi chumba cha pili.

"Na huyu mama ni mtu wa wapi?"

"Ni Mwarusha wa kale, Bwana. Hajabatizwa. Hajui kusoma. Darasani huja kukaa nyuma na kuchambua maharage yake, kwa kuwa anayefundisha ni mwanawe. Hajui namna nyingine ya kutema ila ya kwao."

"Ni kweli," alisema Mchungaji. "Mwaka wa pili huu anakuja, sijamsikia akiuliza wala kujibu."

Bwana Mkubwa aliikunja leso akaitia mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, uso wake ulilegea.

"Kumbe," alisema. "Basi mfungueni."

Kamba ilianguka sakafuni. Gidion aliingoja furaha. Haikuja. Aliona tu kwamba viganja vya mama yake vilikuwa vimevimba, na kwamba blanketi lilikuwa limeachwa juu ya benchi, na kwamba ingempasa kulibeba yeye hadi nyumbani.

"Karani, andika," alisema Bwana Mkubwa, akijinyoosha kitini. "Mama wa marehemu Sakaya amefika bomani, akambariki mkuu wa boma mbele ya watu, kwa desturi ya kabila lake. Kwa hiyo hana kinyongo juu ya kifo cha mwanawe. Amesamehe. Shauri limekwisha."

Kalamu ya karani ilikwaruza karatasi. Gidion akageuka ili amtafsirie mama yake, lakini mama alikuwa amekwisha kumpita. Alikuwa amefika mezani, ameweka kidole chake juu ya wino mbichi.

"Futa hayo, baba," mama Soila alimwambia karani, kwa Kiswahili kilichonyooka. "Mwanangu hufundisha vizuri, nami nilikuwa nasikiliza. Huyu sikumtemea kwa desturi ya kwetu. Nilimtemea kwa desturi ya kitabu."