Funza Mmoja kwa Kila Safari

Kunguru alikuwa na kazi iliyochekwa na ndege wote. Aliwapandisha vyura mawinguni, nao wakajirusha kwa miavuli ya majani, kwa raha zao tu. Yeye alishuka mbio kuchukua wengine, na kwa kila safari alilipwa funza mmoja.

Korongo alikuwa msaidizi wa Mwari, ndege mwenye mfuko mdomoni, katika kazi ya kuvusha panya ziwani. Mshahara wake ulikuwa kapu la samaki kila wiki.

"Dada Kunguru," alimwambia, "utazeeka ukibeba vyura?"

"Kazi ni kazi, kaka," Kunguru alijibu, akapaa na chura mwingine.

Mwari alipozeeka, alitafuta wa kushika nafasi yake. Korongo alifika wa kwanza, manyoya yakimeremeta.

Mwari aliuliza swali moja tu. "Umetua mara ngapi bila mwenzako kukutangulia?"

Korongo alitazama miguu yake mirefu. Miaka yote alikuwa akifuata mkia wa Mwari.

"Bado hata mara moja, mzee," alisema.

"Mimi ni mara arobaini kwa siku, kwa miaka mitatu," alisema Kunguru, aliyefika nyuma ya Korongo. "Upepo uvume usivume, vyura hawaahirishi."

Kesho yake Kunguru aliongoza, Korongo nyuma yake. Upepo ulipiga kutoka ubavuni. Kunguru aliinamisha bawa moja, akatua, na panya waliosinzia mgongoni hawakuamka.

"Kutua hivi ulifundishwa wapi?" Korongo aliuliza taratibu.

"Vyura walinilipa funza," alisema Kunguru, kifua mbele. "Ujuzi wa kutua nilijilipa mwenyewe."