Kanga Mpya Getini

Chausiku alitaka mama yake aanze kulijua jiji kwa makumbusho, kisha wakale aiskrimu ufukweni.

"Hayo hayakimbii," alisema Bi Tausi. "Nipeleke kazini kwako."

Getini pa jengo lililokuwa likijengwa, Bi Tausi aliitazama kreni iliyokuwa ikipandisha nondo mpaka shingo ikamuuma.

"Dude lile unaliendesha wewe?"

"Ndiyo, mama. Leo yumo mwenzangu."

Bi Tausi akapiga kigelegele, mafundi wote wakageuka. Akavua kanga yake mpya, akaitandika chini kama anavyotandikiwa bibi harusi.

"Pita, mwanangu."

"Mama, viatu vina tope!"

"Tope hilohilo ndilo nililolifuata."

Chausiku akainua mguu. Kule juu, mwenzake akaisimamisha kreni ili naye ashuhudie.