Kutembea Bila Mzigo

Mama Nkwabi alikuwa amechuchumaa nyuma ya lundo la pumba, pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kanga kaifunga hadi puani, akimchungulia mkwe wake.

Mbuke alipita mbiombio. Mikono inapunga, raba miguuni, kichwani hana ndoo, hana kuni, hana hata kifurushi. Kule Bugarama, mwanamke mzima akienda kasi hivyo bila mzigo, ama kaiba kuku, ama kuna mwanaume anamsubiri.

"Leo namkamata," alisema Mama Nkwabi, akajikung'uta pumba, akamfuata.

Alimfuata hadi barabara ya mabasi, akazunguka naye soko la mchele, akarudi naye mpaka mlangoni. Mwanaume hakuna. Kuku hakuna.

"Shikamoo mama," Mbuke alisema bila kugeuka. "Kesho vaa viatu. Hizo kandambili zinapiga kelele."

"Marahaba. Unakimbilia nini, mwanawane?"

"Afya, mama. Daktari kasema homoni zangu zimevurugika, mayai hayapevuki. Ndiyo maana siku zangu zinaruka miezi, na hivi vindevu vimeota. Kaniambia nitembee, nipunguze sembe na sukari, ninywe dawa."

Mama Nkwabi alicheka hadi akashika ukuta. Vindevu! Vya kwake alivinyonyoa kwa majivu tangu usichana, na siku zake zilikuja zilipopenda, kama mgeni asiye na haya. Mbona Nkwabi alimzaa? Alimzaa angali binti mbichi. Hata leo stendi watu huwadhani dada na kaka. Ni kweli alikuwa huyo mmoja tu, lakini si alizaliwa?

"Mayai yako siyajui, mimi nataka mjukuu," alisema. "Mpunga ukivunwa bado huna mimba, Nkwabi anaoa mwingine. Ng'ombe nimeshawachagua."

Mbuke aliingia jikoni. Sufuria ilisikika ikianguka.

Tangu hapo Mama Nkwabi akawa mlinzi. Kila alfajiri alitembea na mkwe wake bega kwa bega, macho huku na huku, aone nani anakonyezwa. Wakati wa kula alishiriki naye sahani moja, asije akajinyima na kumwaibisha mwanawe kwa wembamba. Mlenda, maharage, dagaa, na kijitonge cha ugali wa mtama ambacho hata kifaranga angedai nyongeza. Chai isiyo na sukari aliinywa kafumba macho. Alipotaka kuonja na vidonge, Mbuke alivikumbatia.

"Hivi kaandikiwa mgonjwa, mama."

"Basi kula peke yako. Mimi mzima kama jiwe."

Kila Jumamosi alipanda basi kurudi nyumbani kwake, kwa mumewe. Mzee Mabula akaanza kumnunulia vitenge, na kumsindikiza mpaka stendi, jambo ambalo hakulifanya tangu waoane. Kila Jumatatu alikuwa amesharudi kwa mwanawe, lindoni.

Mpunga ukaanza kukauka. Siku za Mbuke sasa zilikuja kila mwezi bila kukosa. Daktari akafurahi, Mbuke akafurahi, Mama Nkwabi akanuna.

Siku ya kliniki aliamka na hasira zaidi. Harufu ya dagaa ilikuwa imemtapisha, na lawama zote alizitupia mlenda. Pale hospitali, nesi Dorah alipompa Mbuke kikopo cha mkojo, naye akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi. Mtupime wote wawili, msije mkaniambia kipimo kibovu."

Dorah alimtazama, akamtazama tena, akampa.

Walikaa benchini. Mbuke alikuwa akikunja ncha ya kanga, akiikunjua, akiikunja tena, mpaka mlango ukafunguka.

"Mimba ipo," nesi alisema. "Hongereni."

Mama Nkwabi aliruka juu kama mbuzi. Alipiga vigelegele korido nzima, akacheza, akamkumbatia mlinzi wa getini, akavua kitenge chake kipya na kukitandika sakafuni ili mkwe wake akanyage.

"Sasa ni kulala tu! Hakuna kutembea, hakuna kubeba ndoo, akitaka maziwa nakamua mwenyewe!"

Nesi alimshika mkono, akamvuta taratibu hadi benchini.

"Mkwe wako bado, tutamwona tena mwezi ujao," alisema. "Wewe kaa chini, mama. Mimba changa hairukishwi hivyo."